Kalori Hazilipwi kwa Jasho

Imani kwamba ulaji uliozidi hufutwa na mazoezi ni hesabu mbovu. Wenye imani hiyo huufanya mwili kuwa daftari la dukani: chapati za asubuhi ni deni, mbio za jioni ni malipo. Mwili hauendeshwi hivyo.

Kwanza, malipo yenyewe ni madogo. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Ili kuzitumia, mtu wa kilo 70 hulazimika kutembea zaidi ya kilomita mbili, na chapati mbili huweza kubeba mafuta hayo bila mlaji kuyaona.

Pili, matumizi ya mwili hayapandi sambamba na mazoezi. Mwaka 2012, mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe, wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania. Hao hutembea mwendo mrefu kila siku wakitafuta nyama, asali na mizizi. Hata hivyo, ukubwa wa miili ulipozingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku ililingana na ya wakazi wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukichoshwa upande mmoja hubana matumizi kwingine. Isitoshe, wengi hutoka mazoezini na njaa, na kinachoongezwa sahanini humeza kilichotumika.

Wanaojizungushia nailoni tumboni ili watoe jasho wamepotoka zaidi. Jasho ni maji na chumvi. Uzito wake hurudi mtu akinywa maji. Wala mazoezi ya tumbo hayauchagulii mwili mafuta ya kitambi.

Hayo hayayafanyi mazoezi kuwa bure. Husaidia kushusha shinikizo la damu na sukari, huimarisha moyo, hulinda misuli, na humsaidia aliyekwisha kupungua asinenepe tena. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki kwa watu wazima. Lakini anayetaka kupungua aanzie jikoni: apunguze mafuta ya kukaangia, sukari ya chai, soda na kipimo cha wali. Mazoezi ayafanye kwa ajili ya afya, si kama kibali cha kula kupita kiasi.