Kilomita 280, Lakini Dakika Ngapi?

Msomaji mpenzi, leo baada ya chakula cha mchana, hebu azima atlasi ya mwanao. Itafute Lodwar, kule Turkana, kisha uitafute Marsabit, ng'ambo ya ziwa. Miji yote miwili ina kiwanja cha ndege. Je, kutoka kimoja hadi kingine ni umbali gani?

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Hapa kwetu karibu na ikweta, digrii moja kwenye ramani ni kilomita zipatazo 111. Viwanja hivi vimetengana kwa digrii 2.4 upande wa mashariki na magharibi, na digrii 0.8 kaskazini na kusini. Mwanafunzi anayekumbuka kanuni ya Pythagoras atapata kilomita 280 hivi. Kwa gari je? Ukizunguka kupitia Kitale, Nakuru, Nanyuki na Isiolo, ni kilomita zipatazo 1,000! Sababu ni Ziwa Turkana na mabonde makavu yaliyo kusini yake, ambayo yamekaa katikati kama ukuta.

Sasa tuseme umekodi ndege ndogo iendayo kilomita 280 kwa saa. Utafika kwa saa moja kamili? La hasha! Eneo hilo lina upepo mkali utokao kusini-mashariki, ukipita kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia. Ndio huo unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani, iliyozinduliwa rasmi mwaka wa 2019. Ukikabiliana na ndege kwa kilomita 40 kwa saa, safari ya kwenda itachukua dakika 70. Wakati wa kurudi, upepo uo huo utaisukuma ndege, nawe utatumia dakika 53 tu. Umbali ni ule ule, ila saa si zile zile.

Isitoshe, mstari ulioupiga kwa rula unapita juu ya Mlima Kulal, wenye urefu wa zaidi ya mita 2,200. Rubani hana budi kupaa juu zaidi au kuuzunguka. Na huko mwisho wa safari, Marsabit ni mji wa mlimani ambao mara nyingi hufunikwa na ukungu. Mnamo Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi iliyowabeba viongozi waliokuwa wakienda kwenye mkutano wa amani ilianguka hapo katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walifariki, wakiwemo wabunge. Walikuwa wamebakisha mwendo mfupi mno.

Kwa hivyo, ikiwa una mgonjwa wa kusafirisha au kijana wako anaitwa kwenye mahojiano ya kazi, usipange safari kwa rula pekee. Uliza upepo ukoje na kama kule uendako kumetanda ukungu. Acha nafasi ya saa kadhaa, au hata siku nzima. Na rubani akisema tungoje, usimshurutishe kuruka eti kwa kuwa umelipa. Heri kuchelewa kuliko kutofika.

Wanafunzi, nawaachia kazi ya nyumbani: pimeni Wajir hadi Mandera. Mkishapata kilomita, ulizeni upepo unavuma kutoka wapi.