ALIYEJINUNULIA BWANA KWA FEDHA YAKE



Wako watu, na baadhi yao ni watu wa maana, wasemao kuwa tajiri akiingia katika siasa hapana budi mambo yatatulia, kwani mwenye mali hapendi fujo, na mtawala mkali akizungukwa na matajiri atalainika. Maneno haya ni matamu masikioni. Walakini yuko tajiri mmoja wa Ujerumani, Fritz Thyssen, ambaye maisha yake yote ni jawabu la maneno hayo, na yafaa tuyatazame bila ya kumwonea na bila ya kumpamba.

Alizaliwa mwaka 1873, na baba yake, August Thyssen, ndiye aliyejenga viwanda vikubwa vya chuma katika bonde la Ruhr. Baba alifariki mwaka 1926, na mwaka huo huo likaundwa shirika kubwa la chuma, Vereinigte Stahlwerke, ambalo mwana alitia humo urithi wake akawa mwenyekiti wa baraza la wasimamizi. Mtu wa namna hii hana haja ya kupiga kampeni barazani.

Na tumpe haki yake. Wafaransa walipoikalia Ruhr mwaka 1923 alikataa kuitii amri yao ya makaa ya mawe, wakamkamata, wakamtoza faini mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Mainz, akarudi kwao akishangiliwa. Lau angaliishia hapo angalikumbukwa kwa wema. Lakini kitabu kilichotolewa kwa jina lake mwaka 1941, ambacho anwani yake yatamka wazi kuwa yeye ndiye aliyemlipa Hitler, chasema kuwa mwaka ule ule wa 1923 alitoa marki za dhahabu 100,000 kumpa Jenerali Ludendorff, awagawie wapinzani wa jamhuri. Baadaye chama cha Hitler kilipotaka jumba la makao makuu mjini Munich, yeye ndiye aliyewapatia mkopo katika benki ya Uholanzi, na kwa maelezo yake mwenyewe sehemu ya deni hilo ikamwangukia yeye. Mwenye duka yeyote angalimwambia bure: mtu aliyekwisha kukuachia deni la nyumba, usimkopeshe nchi.

Hakusikia. Tarehe 26 Januari 1932 Hitler alihutubia wakubwa wa viwanda katika klabu yao mjini Düsseldorf, na Thyssen alikuwa mbele katika kumkaribisha. Novemba ya mwaka huo alitia sahihi yake katika barua ya kumwomba Rais Hindenburg ampe Hitler uongozi wa serikali.

Hapa ndipo niwapingapo wale wamwombeao huruma, wasemao kuwa maskini alidanganywa. Alidanganywa na nini? Agosti 1932, katika kijiji cha Potempa, wanamgambo wa Hitler waliingia usiku katika nyumba ya mfanyakazi mmoja wakampiga hata akafa mbele ya mama yake. Watano walipohukumiwa kifo, Hitler aliwapelekea simu ya kuwaunga mkono, na simu hiyo ilichapwa magazetini. Barua ya Thyssen ilikuja miezi mitatu baadaye. Basi alikijua alichokuwa akikinunua. Alidhani tu kuwa kitawauma wengine.

Na kweli, kwanza kiliwauma wengine. Tarehe 2 Mei 1933 ofisi za vyama vya wafanyakazi zilivamiwa na viongozi wao wakatiwa ndani. Wayahudi walitolewa katika kazi za serikali. Tarehe 14 Julai ikapita sheria ya kuwa chama ni kimoja tu. Katika miezi hiyo hiyo Thyssen alifanywa na Göring mjumbe wa Baraza la Dola ya Prussia, kisha akapata kiti katika Bunge, Bunge ambalo kazi yake iliyobaki ilikuwa kupiga makofi.

Tajiri alikuwa na nguvu siku ambayo Hitler alikuwa akihitaji fedha za uchaguzi. Uchaguzi ukisha kufutwa, zahitajiwa za nini? Hitler alikwisha kuwa na hazina ya nchi nzima na polisi wake. Julai 1937 Göring, yule yule rafiki, aliunda shirika la serikali la chuma lenye jina lake, likatwaa haki za madini ya Salzgitter, na kampuni iliyonyang'anywa kwa wingi ilikuwa hiyo hiyo Vereinigte Stahlwerke. Sasa Thyssen amshitaki nani, na wapi? Gazeti huru halikuwapo, hakimu alikuwa na khofu, mbunge wa upinzani alikuwa kambini au uhamishoni. Milango yote ambayo mtu aliyedhulumiwa hubisha hodi, yeye alichangia fedha za kuifunga.

Sikatai kuwa mwishoni alisema neno. Baada ya masinagogi kuchomwa Novemba 1938 alijiuzulu katika Baraza la Prussia, na vita vilipoanza Septemba 1939 alimpelekea Göring simu ya kuvipinga, akakimbilia Uswisi na jamaa yake. Matajiri wenziwe wengi hawakufanya hata hayo. Lakini simu ya mtu mmoja katika nchi iliyozibwa midomo yafaa nini? Mali yake yote ilitaifishwa, mwaka 1940 akavuliwa uraia, na mwisho wa mwaka huo serikali ya Vichy ikamkabidhi kwa Wajerumani. Alizuiliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kisha kambi ya Sachsenhausen, kisha Buchenwald, kisha Dachau, pamoja na mkewe, hata walipookolewa mwaka 1945.

Mwaka 1948 mahakama ya Wajerumani ilimhesabu kuwa mwenye hatia ndogo, ikamtoza asilimia 15 ya mali yake. Asilimia 85 alibakishiwa. Alihamia Argentina, akafia Buenos Aires mwaka 1951.