Sayari Kubwa Si Lazima Ikuvute Zaidi

Sayari ikiwa kubwa, mvutano wake ni mkubwa. Kauli hii hurudiwa na watu wengi, hata waliosoma, kana kwamba imekwisha kuthibitishwa. Si kweli, na yeyote anayejua kugawanya anaweza kuibomoa.

Chukua Uranusi. Kipenyo chake ni mara nne ya kile cha Dunia, na tungamo lake ni mara 14 na nusu. Kwa imani hiyo, gunia la mahindi la kilo 50 lingemshinda huko hata mpagazi hodari wa bandarini. Lakini ukilining'iniza kwenye mizani ya springi juu ya mawingu ya Uranusi, mizani itasoma takriban kilo 45. Pungufu! Sayari hiyo kubwa inakuvuta kidogo kuliko Dunia, karibu sawa kabisa na Zuhura, ambayo ni ndogo kuliko Dunia yetu.

Zohali ina tungamo mara 95 ya Dunia. Hata hivyo, kwenye mawingu ya ikweta yake, kwa kuwa hujizungusha kwa muda wa saa kumi na nusu hivi, gunia lilelile lingekuwa jepesi kuliko hapa.

Isaac Newton alikwisha kueleza sababu tangu 1687. Tungamo huongeza mvutano, lakini umbali kutoka kitovuni huupunguza, tena kwa kipeo cha pili: umbali ukiwa mara mbili, mvutano hubaki robo. Sayari iliyotanuka inakuweka mbali na kitovu chake. Mshtarii ina tungamo mara 318 ya Dunia, na nusu kipenyo chake ni mara 11.2. Zidisha 11.2 kwa 11.2, upate kama 125. Kisha gawanya 318 kwa 125. Jibu ni mbili na nusu. Sayari ambayo ndani yake zingeenea Dunia zaidi ya elfu moja inazidisha uzito wako mara mbili na nusu tu.

Nitaambiwa kwamba Mshtarii bado inaongoza kwa vyote viwili, ukubwa na mvutano. Ni kweli, na imani hii potofu imeishi kwa kuegemea mfano huo mmoja. Tazama Mirihi na Utaridi. Kipenyo cha Mirihi ni kilomita 6,779, cha Utaridi ni 4,879 tu, na bado mvutano wa zote mbili ni uleule: mita 3.7 kwa sekunde kila sekunde. Utaridi imesheheni chuma, imeshindiliwa. Neptuni nayo ni ndogo kidogo kuliko Uranusi kwa kipenyo, lakini inaizidi kwa tungamo na kwa mvutano.

Tungamo kubwa lina kazi yake kwingine. Kuondoka Uranusi moja kwa moja kunahitaji kasi ya kama kilomita 21 kwa sekunde, ilhali Dunia inadai 11 tu, kwa sababu mvutano wa Uranusi hufifia polepole zaidi kadiri unavyopaa. Mchoro wa ukutani unaopanga sayari kwa ukubwa hauwezi kumwonyesha mwanafunzi jambo hilo. Wachapishaji waandike chini ya kila sayari tungamo lake na nusu kipenyo chake, na walimu wawaachie wanafunzi wagawanye wenyewe.