BWANA SHAMBA ANASEMA: Lori Likikosa Breki, Nani Ana Makosa?



Ukurasa huu umezoea mbolea, mbegu na dawa za ghala. Leo nazungumza juu ya malori. Msishangae. Vijiji vingi ninavyovihudumia viko kando ya barabara kuu, na malori ndiyo yanayochukua viazi vyetu.

Barabara hii inatoka Dar es Salaam, inapita Iringa, Makambako na Mbeya, inafika Tunduma. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na njia ya Zambia ya kusini ikawa ya mashaka. Ndipo malori yakaanza kupita kwetu kwa wingi, yakipeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba. Lami ilikuja miaka ya mwanzo ya 1970. Reli ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975. Hata hivyo, mpaka leo mzigo mwingi wa Zambia na Kongo unapita barabarani, mbele ya milango yetu.

Tumezika watu wengi. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi lililotoka Mbeya. Watu zaidi ya 40 walikufa. Mwezi Juni 2025, kwenye mteremko wa Iwambi, Mbeya, lori liligonga basi dogo la abiria. Watu 28 walikufa.

Baada ya ajali za miteremkoni jibu huwa moja: "Breki zilifeli." Wengine huongeza: "Ni kazi ya Mungu." Basi, mambo huishia hapo. Mimi sikubali.

Breki hazifeli bila sababu. Chukua panga, ulinoe kwenye jiwe kwa nguvu bila kupumzika. Kisha gusa ubapa wake. Utasikia joto. Breki za lori hufanya kazi hiyo hiyo. Dereva akiteremka Kitonga huku amekanyaga breki muda wote, zinapata moto mpaka zinaacha kushika. Ndiyo maana dereva anayejua kazi huingiza gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, akaiacha injini izuie gari. Asiyejua, au anayetaka kubana mafuta, hutoa gia kabisa. Lori likishapata mwendo mteremkoni, gia nzito haiingii tena.

Hilo ni kosa la dereva. Lakini je, breki zilikaguliwa lini? Hilo ni la mwenye gari. Nani alimwambia dereva afike Tunduma kesho alfajiri, hata kama hakulala? Hilo pia ni la mwenye gari. Kontena hushikwa na kufuli za chuma kwenye pembe zake. Aliyepakia alizifunga? Dereva alizitazama kabla ya kuondoka? Mara nyingi dereva ndiye anayekamatwa, au ndiye aliyekufa, na hao wengine hawaulizwi neno. Polisi waulize mpaka kwa mwenye gari.

Sasa tuje kwetu wakulima, maana nasi ni wenye mzigo. Tufanye hesabu. Gunia la viazi halitakiwi kuzidi kilo 100. Lakini sisi tunajaza lumbesa, tunashonea kilemba juu. Tuseme gunia hilo lina kilo 130. Dereva anapakia magunia 100, akidhani amebeba tani 10. Kumbe amebeba tani 13. Tani 3 zimejificha kwenye vilemba, nazo zote zitasukuma lori likiteremka. Wengi tunailaumu lumbesa kwa sababu inamwibia mkulima. Ni kweli inamwibia. Lakini inaua pia.

Mizani ipo Wenda, Makambako, Uyole na Mpemba. Lori kubwa kabisa, lenye ekseli saba, haliruhusiwi kuzidi tani 56 pamoja na uzito wake lenyewe. Lakini lori linalopakia shambani na kuuzia mjini jirani huenda lisipite mizani yoyote. Hapo mizani ni wewe uliyeshona gunia. Wala usikubali kupanda juu ya mzigo kwenda mnadani, hata ukipewa bure.

Mengine ni mafupi. Usianike mahindi kwenye lami. Usivushe ng'ombe usiku. Kijijini lori lisizidi kilometa 50 kwa saa, na hata kwenye barabara tupu lisizidi 80. Mkiona yanazidi kila siku, kikao cha kijiji kiandike barua polisi, kitaje mahali na saa.

Ajali ikitokea, pigeni simu namba 112. Lori la mafuta likipinduka, msilikaribie na ndoo. Pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto, wengi wakichota petroli.

Andikeni namba za lori. Kichwa kina namba yake na tela lina namba yake, kwa hiyo andikeni zote mbili, pamoja na jina lililo mlangoni. Namba hizo zina faida kubwa. Kila gari barabarani lazima liwe na bima ya kuwalipa watu wengine linaowaumiza au kuwaua. Namba ndiyo inayoonyesha bima ni ya kampuni gani. Majeruhi achukue fomu ya polisi, PF3, na aitunze. Ndugu wa marehemu watunze taarifa ya polisi, taarifa ya daktari na cheti cha kifo. Anayekuja msibani na bahasha, akitaka mtie sahihi kwamba mambo yamekwisha, mwambieni angoje. Karatasi hiyo isomwe kwanza kwa sauti mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mtu anayejua sheria. Wajane wengi wametia dole gumba kwa fedha ya sanda tu.

Mwezi ujao tutarudi shambani, kwenye ugonjwa wa mnyauko wa viazi.