Vifaa vya hisabati viko mikononi mwa wananchi

Imekuwa desturi, kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, kuwalaumu wanafunzi kwa uvivu na walimu kwa uzembe. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, ni kiasi cha mtahiniwa mmoja tu kati ya kila wanne aliyefaulu Hisabati. Somo linalowashinda vijana wengi kiasi hicho, baada ya kulisoma kwa miaka 11, haliwezi kuelezwa kwa uvivu peke yake. Hapana budi kutazama namna linavyofundishwa.

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba shule hazina vifaa. Jibu hilo lina ukweli wake. Lakini wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, zinaonyesha wazi kwamba vifaa vingi vya hisabati vimo mashambani, sokoni na hata juu ya mapaa ya shule, wala havitumiwi.

Mfano wa kwanza ni ekari. Katika vijiji vya Handeni, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi, husemwa kwamba ekari moja ni hatua 70 kwa hatua 70. Kipimo hicho si cha kubahatisha. Ekari iliyoletwa na Waingereza ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Kwa hiyo hatua yenye urefu wa yadi moja huleta jibu lililo karibu sana na ekari halisi. Matata huanza pale hatua inapogeuzwa kuwa mita. Mita 70 kwa mita 70 ni mita za mraba 4,900, ilhali ekari halisi ni mita za mraba 4,047 hivi. Kibarua aliyepatana kulima ekari moja, kisha akapimiwa kwa mita, hulima mita za mraba zaidi ya 850 bila malipo. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya kazi aliyopatana.

Ndani ya mfano huo mmoja mna eneo, kipeuo cha pili, ubadilishaji wa vipimo, uwiano na asilimia. Mwalimu anahitaji kamba, vijiti vinne vya kuchomeka pembeni, na uwanja wa shule. Wanafunzi wakiupima uwanja kwa hatua zao, kisha kwa kamba iliyopimwa mita, wataona wenyewe kwamba hatua ya mtoto wa darasa la nne si sawa na hatua ya mwalimu wake. Hapo wataelewa kwa nini mataifa yalilazimika kukubaliana juu ya vipimo vya namna moja.

Kamba yenyewe haina haja ya kuagizwa kutoka nje, kwa kuwa Korogwe ni wilaya ya mkonge. Kamba ya mkonge iliyotiwa mafundo na kugawanywa katika vipande 12 vilivyo sawa, ikivutwa iwe pembetatu yenye pande za vipande 3, 4 na 5, hutoa pembe mraba kamili. Fundi mwashi hutumia kanuni hiyo hiyo anaponyoosha msingi wa nyumba kwa kupima sentimita 60, 80 na 100. Mtoto wa fundi huyo hukutana na kanuni ya Pythagoras ubaoni, akaikariri kwa ajili ya mtihani, pasipo kuambiwa kwamba baba yake huitumia kila anapoanza kujenga.

Mashamba ya mkonge yana fundisho jingine, nalo ni chungu. Wakati wa ukoloni manamba walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi iliyokamilika, na ujira ukalipwa alama zikitimia 30. Siku ambayo kazi iliyopangwa haikumalizika haikuhesabiwa. Manamba asiyejua hesabu hakuwa na njia ya kubishana na karani, kwa sababu karani ndiye aliyeshika kalamu.

Ukoloni uliondoka mwaka 1961, lakini asiyejua hesabu bado hunyonywa. Dalili ya jambo hilo ni lumbesa, ambayo sheria imeikataza na wanunuzi wengine wanaendelea kuidai. Gunia la mahindi lililozoeleka hukadiriwa kuwa debe sita. Mathalani bei ya gunia ikiwa shilingi 60,000, debe moja lina thamani ya shilingi 10,000. Mkulima akilazimishwa kushindilia debe saba kwa bei ile ile, kila debe limeshuka hadi shilingi 8,571 hivi. Mwenye magunia kumi ametoa debe kumi bure, yaani mali ya shilingi 100,000. Kijana aliyefundishwa kugawanya kwa mifano ya namna hiyo atamsimamia mzazi wake sokoni. Yule aliyefundishwa kugawanya tarakimu zisizo na maana yoyote kwake atasimama pembeni akitazama.

Shida ya maji nayo ni somo. Handeni ni wilaya yenye ukame, na kwa miaka mingi imetegemea bomba linalovuta maji ya Mto Pangani kutoka Korogwe. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7 lina mita za mraba 63. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu yake huleta lita 1,260, sawa na ndoo 63 za lita 20. Darasa likiipima mvua kwa kopo lililonyooka na rula, litajifunza ujazo, na papo hapo litaijulisha kamati ya shule ukubwa wa tangi linalofaa kujengwa.

Mawazo haya hayapingani na historia ya elimu nchini. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki katika mipango na hesabu zake. Katika shule nyingi kilichobaki ni jembe. Wanafunzi walilima, mavuno yakauzwa, na hesabu za pembejeo, gharama na faida zikafanywa ofisini bila wao. Shamba likawa adhabu, na hisabati ikabaki kuwa chaki.

Wakati huo huo, mageuzi ya hisabati yalitoka mbali. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu wa Kiafrika na wa Kimarekani walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vya hisabati mpya, vyenye kutilia mkazo seti na kanuni za dhahania. Nia ilikuwa njema na wanahisabati walioshiriki walikuwa hodari. Lakini walimu wengi hawakuandaliwa vya kutosha, na wazazi hawakuona uhusiano wa somo hilo na maisha yao. Kenya iliamuru liachwe mwaka 1981, na Tanzania nayo ikaliacha. Fundisho lake ni kwamba mtaala mzuri usiomfikia mwalimu wa kijijini hauwezi kudumu.

Aidha, kuna suala la lugha. Mtoto husoma kwa Kiswahili pembetatu, mzingo na Kigawe Kidogo cha Shirika kwa miaka yote ya shule ya msingi ya umma. Akiingia kidato cha kwanza, yale yale aliyoyaelewa hurudi kwake kwa Kiingereza, kana kwamba ni mageni. Mwalimu anayeanza na kamba, debe na paa humpa mwanafunzi kitu cha kushika wakati maneno yanapobadilika.

Hata hivyo, wale wanaoshika madaraka wasije wakajificha nyuma ya vizibo vya soda na mbegu za mahindi. Vifaa vya kijijini havichukui nafasi ya vitabu, madawati na walimu wa kutosha. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kuwatoa wote uwanjani kupima ekari na bado akamkagua kila mmoja. Kumwambia ajitegemee, huku ameachwa peke yake, ni kumdhihaki.

Kwa hiyo wajibu ugawanywe. Chuo cha Ualimu Korogwe kipo katikati ya wilaya yenyewe; wanachuo wake wanaweza kutakiwa kutengeneza na kujaribu vifaa vya namna hii katika shule za jirani kabla ya kuhitimu, ili kila mwalimu mpya atoke na mfuko wake wa vifaa na masomo. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini yawape walimu wa Handeni na Korogwe nafasi ya kubadilishana masomo yaliyofaulu. Watungaji wa mitihani waulize maswali yanayompa faida aliyepima kwa mikono yake, maana mwalimu hufundisha kile kinachotahiniwa. Kamati za shule ziwaalike mafundi, wakulima na wauza mazao kueleza vipimo vyao mbele ya wanafunzi.

Jambo lenyewe ni la haki, na linapita alama za mtihani. Nchi ambayo wengi hawawezi kukagua kipimo cha shamba, cha gunia wala cha ujira wao, inawaachia wachache mizani na kalamu. Mizani na kalamu hizo zirudi kwa wananchi, na zianze kurudi kwa kupitia darasa la hisabati.