Kaseti Haioshwi Kama Shati

Katika vijitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya mahari, kutawazwa kwa Mwami, majina ya watoto na miiko ya msitu. Safari hii tunaleta kitu ambacho wengine watakicheka: kaseti ya video. Ile nyeusi ya VHS, iliyo juu ya kabati ya mama mukubwa, imefunikwa na kitambaa cha kufuma. Tunasema wazi kwamba kaseti hiyo imekuwa kikapu cha mila zetu huku Masisi na Walikale, na kwamba wengi wanaojidai kuiokoa leo ndio wanaoimaliza.

Tutajibiwa kwamba mila ni jambo la wazee, si la mashini. Basi tuulizane. Mnamo 1956, kwa Wanyanga wa Walikale, mzee Candi Rureke aliimba, akasimulia na kucheza hadithi ya Mwindo kwa muda wa siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliiandika, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Tunakishukuru kitabu hicho. Bila yeye tungekuwa na nini? Lakini karatasi ilishika maneno. Kibuyu cha kutikisa mkononi mwa mzee, kengele za miguuni, watu wanaoitikia, namna anavyogeuka akawa Mwindo mwenyewe, vyote hivyo msomaji anabaki kuviwaza. Kaseti inashika mwili. Hapo ndipo thamani yake, hata kama aliyeipiga alikuwa kameramani wa arusi aliyelipwa kwa mbuzi na bia.

Na hao kameramani tuwape heshima yao. Miaka ya 1990 na 2000 walipanda kutoka Goma na Sake na kamera begani, wakafika Nyabiondo, Kitchanga, Mweso, na wengine mpaka Hombo na Walikale-centre. Walipiga yote bila kukata: hotuba ya mjomba inayochosha, wamama wanaogawa chakula, ng'ombe wa mahari wanaohesabiwa, vijana wanaocheza mpaka giza. Saa 3 kamili za kaseti. Mtoto wa leo anasinzia akiitazama, ni kweli. Lakini ndani ya saa hizo mna salamu zisizosemwa tena, mna wazee waliokufa katika vita vya 1993 vilivyoanzia kwenye soko la Ntoto, au katika vile vya 1996, na mna Muhunde, Munyanga, Mutembo, Muhutu na Mututsi wameketi kwenye karamu moja. Hilo la mwisho wengine hawapendi lionekane. Sisi tunataka lionekane.

Na kila vita vinapunguza hesabu. Januari 2025 vilipofika Masisi-centre, na Machi 2025 Walikale-centre, watu walibeba watoto, sufuria na godoro. Nani angekumbuka kaseti? Zilizobaki zimebaki kwa bahati. Ndiyo maana tunakasirika tunapoona zile zilizopona risasi zinakufa mikononi mwa fundi.

Kwani fundi anafanya nini? Unampelekea kaseti, unalipa dola zako, anakuambia atai-«restaurer». Baada ya siku mbili anakupa flashi yenye picha zinazong'aa, jina la studio linacheza pembeni, matanga yamekatwa kuwa dakika 20, na juu ya kilio cha wamama amebandika muziki wa Kinshasa. Unauliza: «Na kaseti yenyewe iko wapi?» Anajibu: «Ile iko kitu ya zamani, papa, tulisha-tupa.» Studio moja ilitufanyia hivyo, jina lake halitatuletea kaseti. Shida si fundi mmoja, ni desturi nzima ya kudhani kwamba kuokoa maana yake ni kupendezesha.

Tuingie kidogo katika ufundi, kwa sababu mtu anadanganywa pale asipojua.

Kwanza rangi. Zaire ilikuwa na mfumo wa rangi wa SECAM, kama Ufaransa. Mashini nyingi zilizotujia baadaye kutoka Dubai, Kampala na Nairobi zilikuwa za PAL. Kaseti ya SECAM ukiichezesha katika mashini isiyojua SECAM, picha inatoka nyeusi na nyeupe. Fundi anasema «rangi zimekufa», kisha anaagiza kompyuta ipake rangi zake. Kitenge kilichokuwa cha kijani kinakuwa cha bluu, na mahali ambapo rangi ya kitambaa inaonyesha nani ni mfiwa na nani ni mgeni, umeandika uongo. Nazo rangi za kweli zilikuwa ndani ya kaseti muda wote! Zilihitaji mashini inayofaa, basi.

Pili ukungu. Masisi ni baridi na mvua, Walikale ni joto na msitu, na pote kaseti inalala chini ya mabati. Gundi inayoshika unga wa chuma juu ya mkanda inanyonya maji ya hewani, inalegea. Ukungu mweupe unaota pembeni. Kaseti ya namna hiyo usiichezeshe hata dakika moja «kujaribu tu». Kichwa cha mashini kinazunguka mara 1500 kwa dakika: kinakwangua mkanda, na uchafu unabaki ndani kungojea kaseti ya jirani. Wengine wanapangusa kichwa hicho kwa petroli ao manukato. Tafadhali! Ni alkoli safi, na kitambaa kisichoacha nyuzi.

Tatu, na hili linatuuma kuliko yote, ni ngoma. Kamera za wakati ule hazikupiga picha 25 nzima kwa sekunde. Zilipiga nusu-picha 50, kila moja kwa wakati wake. Fundi mwenye haraka anatupa nusu moja ili faili iwe nyepesi. Katika hotuba hutaona tofauti kubwa. Lakini katika ngoma umetupa nusu ya mwendo wa miguu, na mtoto anayetaka kujifunza hatua kwa kutazama atajifunza hatua isiyokuwapo.

Sauti nayo ni hivyo hivyo. Programu za kuondoa kelele zinatafuta mvumo kama shhh na kuufuta. Sasa kibuyu cha kutikisa kinalia namna gani? Kinalia shhh. Mashini inakiona ni uchafu, inakifuta, inatuachia mwimbaji peke yake kama mtu anayeongea bafuni. Chombo kilichoongoza wimbo mzima kimehesabiwa kuwa kelele, na sisi tunalipa na kusema merci.

Siku hizi kuna akili bandia. Unampa uso wa nyanya yako wenye ukungu, anakurudishia uso safi wenye meno yote. Kaseti ya VHS haikuwa na alama za kutosha za kuonyesha mikunjo ya uso wa mtu aliyesimama mbali. Kwa hiyo mashini inabuni. Inabuni kwa nyuso ilizofundishwa nazo, nyingi za watu wa mbali. Yule si nyanya yako. Ni mgeni aliyevaa kitambaa chake. Mtu akitaka kujifurahisha nyumbani na picha hiyo, shauri yake; lakini asiilete kwenye kikao cha ukoo kuthibitisha nani alikuwapo siku mahari yalipotolewa. Tunajua kwetu kesi za mashamba na za ukoo zinavyowaka.

Watatuambia kwamba hata Wazungu wanasafisha filamu zao. Ndiyo, na tuwaangalie vizuri. Filamu Star Wars ya 1977 ilibadilishwa na mwenyewe George Lucas mwaka 1997, akaongeza vitu na kugeuza vingine. Wapenzi wa filamu, watu wa kawaida wasiolipwa, walikataa. Walitafuta nakala za zamani za sinema za milimita 35, wakazipitisha kwenye mashini picha moja moja, na mwaka 2018 wakatoa filamu kama ilivyoonekana 1977. Walifanya kazi yote hiyo ili kuondoa mapambo! Nao walikuwa na nakala zaidi ya moja. Sisi kaseti ya matanga ya mzee ni moja tu duniani, na tunampa kijana aishike bila hata kuandika karatasi.

Wengine wanangojea makumbusho ya Tervuren. Tervuren ina vitu vyetu vingi, na tudai nakala zake. Lakini hakuna mtu wa Tervuren aliyekuja kupiga arusi ya shangazi yako Kibua. Wala tusiseme sisi ni masikini mno kwa kazi hii: koltani ya Rubaya na kasiteriti ya Bisie zimo katika vyombo vya dunia nzima. Kinachokosekana ni watu watatu, wanne, wenye kukubaliana.

Tunachodai kwa mashirika yetu ya utamaduni ni hiki. Ipatikane mashini moja inayosoma SECAM na PAL, pamoja na chombo cha kutuliza picha inayotingishika, kwa sababu tetemeko hilo likishaingia katika nakala ni vigumu kulitoa. Inakiliwe kaseti nzima, mbichi, bila kukata na bila kufuta shhh. Kwa mfumo wa DV saa 3 zinaomba karibu gigabaiti 40, na disiki mbili zilale katika nyumba mbili tofauti, afadhali miji miwili. Anayetaka kupendezesha apewe nakala ya nakala. Mambo ya jando na ya siri za Bami yasipelekwe kwenye YouTube. Ukoo ndio utakaosema nani aone. Kaseti yenyewe irudi kwa mwenyewe, isimame wima kama kitabu, mbali na bafle za muziki.

Na wewe mwenye kaseti nyumbani, leo jioni igeuze mgongo wake. Kuna kipande kidogo cha plastiki pembeni. Kivunje kwa ncha ya kisu. Hakuna atakayeweza tena kurekodi mechi juu ya baba yako, isipokuwa aliyekusudia kuziba tundu hilo kwa skochi.