Mnyama akiugua usiku: Nani abebe gharama?

Mfugaji wa mbwa jijini Nairobi na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Githunguri hawafanani kwa mengi, ila usiku wa manane huwaunganisha. Mbwa akila nyama iliyotiwa sumu saa sita za usiku, au ng'ombe akishindwa kuinuka saa chache baada ya kuzaa, wote wawili hukabiliwa na swali lile lile: daktari atapatikana wapi, na kwa bei gani?

Jibu aghalabu huwa chungu. Daktari anayepatikana saa hizo hutoza zaidi ya ada ya mchana, hudai gharama ya usafiri, na pengine hutaka atumiwe sehemu ya pesa kwa simu kabla hajaondoka kwake. Wenye wanyama hulalama kwamba wananyonywa wakiwa hawana pa kukimbilia. Madaktari nao hushikilia kwamba malipo hayo hayafidii hatari ya barabarani wala usingizi wanaoupoteza.

Pande zote mbili zina hoja. Hata hivyo, mjadala ukikomea hapo kiini cha tatizo hupotea. Bili ya usiku haitokani na tamaa ya daktari mmoja mmoja pekee. Ni zao la maamuzi ya kisera yaliyofanywa zaidi ya miaka 30 iliyopita, na la wajibu ambao Katiba iliwapa magavana lakini wapiga kura wachache huwauliza kuuhusu.

Gharama ya kusubiri

Ili kuelewa bili hiyo, ni vyema kuanza na kile ambacho mteja hakioni. Kliniki inayofunguliwa usiku lazima iwe na daktari, msaidizi wake, mlinzi, umeme, dawa na vifaa vya upasuaji. Gharama hizi hulipwa wawe wamekuja wagonjwa watano au asije hata mmoja.

Mchana mzigo huo hugawanywa kwa wengi. Yupo anayeleta mbwa kuchanjwa, mwingine paka kuhasiwa, na mwingine anayetaka dawa ya minyoo. Usiku huenda ukagawanywa kwa mteja mmoja au wawili. Kwa hivyo, anayebisha saa nane za usiku hulipia matibabu ya mnyama wake na pia saa zote ambazo daktari alikesha pasipo mtu kubisha.

Jambo la pili ni kwamba wagonjwa wa usiku huwa mahututi. Mbwa ambaye tumbo lake limejaa hewa na kujipinda huhitaji nusukaputi na upasuaji wa haraka, kisha uangalizi wa siku kadhaa. Mbwa jike aliyekwama katika uzazi huenda akahitaji kupasuliwa. Aliyepewa sumu ya kuulia wadudu naye hudungwa dawa ya atropini tena na tena, huku daktari akimtazama kwa saa nyingi.

Visa vya sumu si hadithi tupu. Wezi wamekuwa wakiwatilia mbwa walinzi sumu kabla ya kuvamia maboma. Dawa ya Furadan, yenye kemikali ya kabofurani, iliondolewa na mtengenezaji wake katika soko la Kenya mnamo 2009 baada ya kulaumiwa kwa vifo vya simba na tai. Lakini hiyo ilikuwa sumu moja tu miongoni mwa nyingi zinazoweza kumuua mbwa kwa muda mfupi.

Tatu, mgonjwa huyu kwa kawaida hana bima. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo 2024, ni ya binadamu. Mpango wa serikali wa bima ya mifugo ulioanzishwa 2015 ulibuniwa kuwakinga wafugaji wa kuhamahama dhidi ya ukame, wala haukukusudiwa kumlipa daktari anayeitwa usiku. Zipo kampuni zinazokatia bima ng'ombe wa maziwa, lakini wengi wa wenye mbwa na paka hulipa kutoka mfukoni, papo kwa papo.

Serikali ilipojiondoa

Mambo hayakuwa hivi tangu hapo. Baada ya uhuru, serikali ilikuwa mwajiri wa karibu kila daktari wa mifugo aliyehitimu. Madaktari na wasaidizi wao walitumwa wilayani, na mfugaji alitibiwa ng'ombe wake kwa ada ndogo kwa sababu mlipa ushuru ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya mzigo.

Mnamo 1988, serikali ilikoma kuwaajiri moja kwa moja madaktari waliotoka chuoni. Wakati huo Kenya ilikuwa ikishinikizwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani (IMF) kupunguza matumizi. Katika miaka ya 1990, matibabu ya mifugo, upandishaji kwa njia ya mirija na majosho yaliachiwa hatua kwa hatua watu binafsi na makundi ya wafugaji. Ukaanzishwa pia mpango wa mikopo kupitia Chama cha Madaktari wa Mifugo Nchini, kwa ufadhili wa Muungano wa Ulaya, ili madaktari wafungue kliniki zao.

Wazo hilo halikukosa mantiki, kwani hazina ya serikali ilikuwa imelemewa. Kasoro yake ni kwamba biashara huenda palipo na wateja wenye pesa. Madaktari wengi walibaki mijini na katika maeneo ya maziwa ya nyanda za juu, nazo Turkana, Mandera na Tana River zikaambulia wachache. Hata palipo na madaktari, hakuna aliyepewa jukumu la zamu ya usiku. Serikali ilipoondoka iliondoka na zamu hiyo, na soko halikuirejesha.

Pengo likajazwa na maduka ya agroveti na watu wasiohitimu. Sheria ya Madaktari wa Mifugo ya mwaka 2011 inamkataza mtu asiyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo (KVB) kutibu wanyama, na inaweka adhabu. Lakini sheria hiyo haiwezi kumleta daktari kijijini saa tisa za usiku. Mwenye ng'ombe anayekata roho humwita yeyote aliye karibu, awe na cheti au asiwe nacho.

Funzo kutoka Uingereza

Wapo wanaopendekeza kwamba madaktari walazimishwe kisheria kuhudumu usiku na mchana. Uingereza ina kanuni ya aina hiyo. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Mifugo huwataka wanachama wake walio kazini kuhakikisha kuwa huduma ya dharura na ya kutuliza maumivu inapatikana saa 24.

Hata hivyo, kanuni hiyo haikuzuia bei kupanda. Mnamo Septemba 2023, Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya nchi hiyo ilianza kuchunguza sekta hiyo, na watu wapatao 56,000 wakatoa maoni. Ilibainika kuwa makundi makubwa ya kibiashara, yaliyomiliki takriban asilimia 10 ya kliniki mnamo 2013, yalikuwa yamefikisha karibu asilimia 60. Katika uamuzi wake wa awali wa Oktoba 2025, mamlaka hiyo ilisema bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 63 kati ya 2016 na 2023, na ikapendekeza kliniki zichapishe bei zao.

Funzo kwa Kenya ni kwamba kulazimisha huduma ipatikane ni jambo moja, na kuifanya iwe nafuu ni jambo jingine. Mteja aliyemshika mnyama anayekufa hana nafasi ya kulinganisha bei. Iwapo hakuzijua kabla, atalipa anachoambiwa au atakata tamaa.

Hasara ya kunyamaza

Kukata tamaa nako kuna gharama. Ng'ombe aliyepatwa na homa ya maziwa hupungukiwa na kalsiamu mwilini. Akitiwa dawa hiyo mshipani mapema, mara nyingi huinuka siku hiyo hiyo. Akichelewa hadi asubuhi, huenda mfugaji akapoteza mnyama aliyekuwa akilipa karo ya watoto. Anayeahirisha matibabu kwa kuhofia ada ya usiku huenda akalipa mara nyingi zaidi.

Kwa mbwa, hatari haimkabili mwenyewe pekee. Mbwa anayetokwa na mate na kutenda mambo yasiyo ya kawaida huenda ana kichaa cha mbwa. Asiyeweza kumwita daktari humfunga kamba au kumfungua kinywa kutazama kama amekwamwa na mfupa. Mbwa ndio huwaambukiza watu karibu visa vyote vya maradhi hayo, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa 2014 unalenga kuyatokomeza ifikapo 2030 kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Isitoshe, sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, huhesabu kuwa kosa kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, hata kwa kutotenda inavyopasa. Raia basi anaamriwa asimwache mnyama ateseke, ilhali hakuna ofisi ya umma anayoweza kuipigia simu usiku.

Kaunti ziko wapi?

Wajibu huo una mwenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti huduma za matibabu ya mifugo, isipokuwa usimamizi wa taaluma yenyewe. Linazipa pia jukumu la ustawi wa wanyama, utoaji wa leseni za mbwa na vituo vya kuwatunza wanyama.

Kutekeleza hayo hakuhitaji kurejea enzi ya serikali kufanya kila kitu. Kaunti inaweza kuwaorodhesha madaktari wa kibinafsi waliosajiliwa na kuwapangia zamu, kila mmoja usiku wake. Kaunti ingelipa posho ndogo ya kusubiri, naye mteja alipe matibabu. Pamoja na zamu hiyo, itangazwe nambari moja ya simu na orodha ya ada: ya kuitwa, ya umbali na ya matibabu ya kawaida.

Kutakuwa na upinzani, na una uzito. Kwa nini pesa za umma zitumike kwa mbwa wa matajiri wa Karen ilhali zahanati hazina dawa? Jibu ni kwamba daktari wa zamu hamhudumii mbwa wa Karen peke yake. Huyo huyo ndiye atakayeitwa kwa ng'ombe wa Kinangop, punda wa kubeba maji wa Mwea na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa karibu na shule. Aidha, umma hautalipia upasuaji wa mnyama wa mtu, utalipia kusubiri tu.

Kugawana mzigo si jambo geni humu nchini. Kule Lamu, kliniki ya punda iliyoanzishwa mnamo 1987 na shirika la hisani la Uingereza iliwatibu punda bila malipo, kwa kutambua kwamba mwenye punda hangemudu bei ya soko. Vyama vya ushirika vya maziwa navyo vimezoea kukata bei ya chakula cha mifugo kutoka kwa malipo ya maziwa. Shilingi chache kwa mwezi kutoka kwa kila mwanachama zingeweza kumlipa daktari wa zamu, kwani mzigo ukibebwa na wengi haumvunji mtu mgongo.

Wenye mbwa na paka nao wana lao la kufanya. Chanjo hugharimu kiasi kidogo ikilinganishwa na siku kadhaa za kumtia dripu mbwa aliyeshikwa na maradhi ya pavo. Ni vyema pia kumuuliza daktari mapema, mchana na bila presha, iwapo hupokea simu usiku, hutoza kiasi gani na humtuma mteja wapi asipokuwepo.

Lakini tahadhari ya mtu binafsi haitatosha mahali pasipo na daktari wa kupigiwa simu. Kila mwaka, kabla ya Julai mosi, kaunti hutakiwa kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Vikao hivyo hutawaliwa na barabara, maji na basari. Mfugaji aliyempoteza ng'ombe usiku ana haki ya kusimama humo na kuuliza ni daktari yupi wa kaunti aliyekuwa zamu usiku huo.